Kabati la Mwanga na Gambuti za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Kabati limefika. Hospitali yetu imeamua hatimaye kuwa ya kisasa, na mimi niko tayari. Nimekuwa tayari tangu siku niliyoajiriwa kuosha mikanda ya kupimia presha.

Ni kabati la chuma lenye kimo cha friji ndogo, limewekwa juu ya meza, halina dirisha. Ndani, ukutani kwa nyuma, kuna taa ndefu nyembamba. Unatundika kifaa, unafunga mlango, unabonyeza kitufe, taa zinawaka, vijidudu vinakufa. Hakuna kusugua. Nilipoliona nilitokwa na machozi kidogo. Matroni, mkuu wa wauguzi wetu, akaniuliza kama nina mafua, kisha akanisogeza mbali na mashine.

Sasa habari kubwa. Kutakuwa na msimamizi wa kabati. Atapewa ufunguo, kiti cha kuzunguka, na kile chumba kidogo chenye dirisha kinamowekwa mafagio. Matroni atamtangaza Jumanne ijayo, siku ambayo Mwenyekiti wa bodi atakuja kulitazama kabati. Wagombea ni wawili. Mimi. Na Povu.

Povu ni mwenzangu wa chumba cha kuoshea vifaa. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiwa mkavu. Anaosha kwa bidii ya kuudhi. Anaimba akiosha. Anaosha hata kilichokwisha kuoshwa. Mtu wa namna hiyo ukimpa mashine ya kisasa, ataiosha.

Nyumbani nimempa mama watoto habari. Amesema imekuja kwa wakati, maana kaka yake hawezi kuningoja zaidi. Huyo kaka yake, shemeji yangu, ana mabanda ya kuku nje ya mji na anatafuta mtu wa kuzoa kinyesi. Yeye anaiita nafasi ya uangalizi. Kikao cha ukoo kilikwisha kuamua, na mimi nilichangia kwa kunyamaza: nisipopanda cheo safari hii, naacha hospitali naenda kwa kuku. Mimi na kuku hatupatani. Jogoo alinikimbiza mbele ya wakwe siku nilipokwenda kuposa.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, mama mkwe amelazwa wodi ya wanawake, hapa hapa kwetu. Amevunjika nyonga, wakampasua. Alipanda kigoda kubadilisha balbu ingawa binti yake alimkataza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu mwenyewe akivunjika, methali inanyamaza. Kwa hiyo ukoo sasa una jicho lake ndani ya hospitali, na jicho hilo halina kazi nyingine mchana kutwa.

Jumanne, 4 Machi

Mafunzo. Fundi wa mitambo amesema huu unaitwa mwanga wa urujuanimno. Nimelipenda neno. Nimelifanyia mazoezi chooni mpaka mtu wa choo cha pili akaniuliza kama naumwa. Msimamizi wa Urujuanimno. Kitahitajika kibao kirefu cha mlangoni.

Amesema na mengine. Kwamba kifaa kioshwe kwanza, kikauke. Kwamba vitundikwe kwa nafasi, maana mwanga huu haukati kona. Kwamba ule ubuluu tunaouona sio unaoua. Unaoua hauonekani, na ukikupata machoni, jioni utahisi umemwagiwa mchanga, na ngozi itaungua kama ya mtu aliyeshinda juani. Ndiyo maana mlango una swichi ndogo: ukifunguliwa tu, taa zinazimika zenyewe. Kwamba taa zifutwe vumbi kila asubuhi.

Nimeyaandika hapa ili nisije nikasema sikuambiwa. Lakini mafundi wanapenda kutisha watu. Ndiyo heshima ya kazi yao.

Matroni naye ameleta vikadi vya majaribio. Kila kimoja kina duara la njano. Unakibandika kwenye kifaa. Mwanga ukikifikia vya kutosha, duara linageuka kijani. Usipokifikia, linabaki njano na wewe unabaki na aibu. Akauliza nani ataanza na kabati. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafika mwisho wa swali. Povu amebaki na sinki. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Jumatano, 5 Machi

Nimefikiri sana kitandani. Mwanga unaua kila kitu. Kama unaua kila kitu, basi kuosha kwanza ni kumpiga marehemu. Asubuhi nikaitoa mikanda wodini na kuiingiza kabatini moja kwa moja. Povu aliniuliza kama imepita kwenye sinki. Nikamjibu kwamba sayansi imempita yeye.

Nilimaliza kazi ya asubuhi nzima kabla ya chai. Nikakaa. Nilikuwa sijawahi kukaa saa hizo, na nikagundua kwamba nina kipaji.

Kisha mkanda mmoja ukafika kwenye mkono wa mama mkwe. Katika mikono yote ya wodi! Ulikuwa na doa la chai, na kwenye doa kumeganda punje za sukari. Mama mkwe akauliza, kwa ile sauti yake ya kuitia watu walio ng'ambo ya barabara, kama siku hizi hospitali inapima presha au inagawa chai.

Matroni alinieleza polepole, jinsi watu wanavyowaeleza wagonjwa waliozinduka sasa hivi. Uchafu ni blanketi. Vijidudu vimejifunika, mwanga unapita juu, vyenyewe vimelala. Ameamuru kwamba kuanzia leo hakuna kitu kitakachoingia kabatini bila kupita kwa Povu. Povu akarudi sinki. Aliimba tu, beti zote.

Jioni nilikwenda kumwamkia mama mkwe. Nikasimama mbali kidogo kama inavyompasa mkwe, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo mama. Aliitikia huku akitazama dari. Kisha akaniuliza, kwa upole ulionitia baridi, miguu yangu inavaa gambuti namba ngapi.

Alhamisi, 6 Machi

Mkakati mpya: wingi. Povu anaosha kimoja kimoja. Mimi nitatakasa vyote kwa mkupuo. Nimelijaza kabati mikanda, vipimajoto na vile vibanio vya kupimia hewa kidoleni, mpaka mlango nikaufunga kwa goti.

Matroni alikuwa ameficha vikadi katikati ya mzigo. Vimetoka njano, kama vilivyotoka kwenye pakiti. Nikasema labda Povu amevilowesha. Matroni akawasha tochi, akaweka mkono wake mbele yake, akanionyesha kivuli ukutani. Mkono. Kivuli. Mkono. Kivuli. Wauguzi wawili wanafunzi walisimama mlangoni kutazama. Naamini walikuwa wanajifunza.

Mchana nilitundika kwa nafasi, kimoja huku, kimoja kule, Matroni akiwa kasimama nyuma yangu. Vikadi vyote vikawa kijani. Matroni akasema vizuri. Matroni! Neno hilo sijalisikia kwake tangu nianze kazi hapa, isipokuwa alipokuwa akiongea kwa simu.

Kwa hiyo leo nimegundua jambo la kitaalamu: Matroni akisimama karibu, kadi zinageuka kijani. Huenda ni joto la mwili.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi njema imeharibiwa na vumbi. Matroni alipitisha pamba juu ya taa moja, pamba ikatoka ya kijivu. Akauliza nani alitakiwa kufuta taa kila asubuhi. Nikamtazama Povu. Povu akanitazama mimi. Matroni naye akanitazama mimi. Wengi wape.

Amesema taa yenye vumbi ni taa iliyochoka, mwanga wake haufiki. Na Jumanne, akiona hata chembe, ufunguo unakwenda sinki. Alisema hivyo hivyo: unakwenda sinki. Hakutaja hata jina.

Sasa, kufuta taa hizo si mchezo. Unazima umeme. Unavaa glavu. Unachukua shashi yenye spiriti, unafuta moja moja, polepole, bila kuzigusa kwa kidole. Hiyo ni kuosha, imebadilishiwa jina tu. Mimi sikuingia katika ulimwengu wa mwanga ili nifute vumbi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema. Wanaosema hivyo hawajafikiria kutumia ufagio. Nilikaa na tatizo langu mpaka wakati wa kutoka, na nilipokuwa navua aproni, wazo likaja.

Kioo! Unaweka kipande cha kioo mbele ya taa. Vumbi linatua kwenye kioo. Unapitisha kitambaa mara moja, umemaliza. Taa ziko salama nyuma yake, safi maisha yao yote. Na mwanga unapita, maana kioo kinapitisha mwanga, kila mwenye dirisha anajua. Ajabu ni kwamba waliolitengeneza kabati hawakuliona hili. Walisoma sana, labda ndiyo sababu.

Nimepima kwa uzi. Uzi uko mfukoni. Povu aliniuliza napima nini, nikamwambia napima subira yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Kioo kitatoka wapi? Fundi vioo ana foleni, na ana tabia ya kuuliza maswali. Madirisha ya nyumba ni ya mwenye nyumba. Nikakaa sebuleni nikiwaza, nikainua macho, na jibu lilikuwa linanitazama ukutani.

Picha yetu ya harusi. Ilikuzwa kwa amri ya mama mkwe, na fremu ni zawadi yake, kubwa kuliko televisheni yetu. Katikati yuko mama mkwe. Kushoto kwake bibi harusi. Mimi niko pembeni, sikio moja limekatwa na fremu.

Mama watoto alikuwa amekwenda wodini kumwona mama yake. Nikaishusha picha, nikaving'oa vimisumari vya nyuma, nikachomoa kioo, nikapima kwa uzi. Kimeenea kabisa! Ukubwa ule ule, kana kwamba tulioana kwa ajili ya kabati. Nikakifunga kwenye shuka nikakitia mvunguni. Picha nikairudisha ukutani bila kioo.

Sikuinama sana.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja na mfuko. Ndani ya mfuko, gambuti. Akasema si kwamba ananiombea mabaya, ila mtu mwenye busara hujiandaa. Akanitaka nizijaribu. Zimenienea, na hilo limeniuma kuliko kama zingenibana.

Kisha mama watoto akaanza kuitazama picha ukutani. Akaitazama. Akaitazama tena. Akasema leo picha imeng'aa, sura zinaonekana vizuri, kumbe nimeifuta? Nikasema ndiyo. Akafurahi. Akasema ningekuwa na bidii hiyo kazini, gambuti hizi zingerudi dukani. Shemeji naye akasogea, akasema mama anaonekana kama yumo chumbani.

Ni kweli. Nilikula chakula changu nimempa mgongo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika kabla ya Povu. Kioo kimeingia mbele ya taa na kukaa kimya, nimekishikiza kwa plasta pembeni. Huwezi kujua kipo. Mimi mwenyewe nilikigonga kwa paji la uso.

Nilitaka kuona kama mwanga unapita. Shida ni ile swichi ya mlangoni, ukifungua tu, giza. Nikaibana kwa kidole, mlango ukiwa wazi, nikachungulia. Jamani, ubuluu ule! Umepita kwenye kioo bila pingamizi. Nilibaki pale nikiutazama mpaka kidole kikafa ganzi.

Naandika haya jioni. Macho yangu? Hayana neno. Hakuna mchanga, hakuna kuungua, hakuna chochote. Fundi na vitisho vyake. Nilijua tu.

Na hapo wazo la pili limezaliwa. Kabati halina dirisha. Kesho Mwenyekiti atakuja, ataoneshwa boksi la chuma lililofungwa, atasema asante, ataondoka. Nani hupandishwa cheo kwa sababu ya boksi lililofungwa? Mwenyekiti anatakiwa auone mwanga. Plasta imebaki nyingi.

Matroni alikuwa mkutanoni siku nzima, na vikadi vimefungiwa mezani kwake. Amesema kesho asubuhi ataviweka kabatini kwa mkono wake, vitolewe mbele ya Mwenyekiti, tena kila mtu aone.

Povu anaendelea na ukaidi. Vifaa vikitoka kwenye kabati langu, yeye anavifuta tena kwa dawa ya kuulia vijidudu, kimoja baada ya kingine, ndipo anavipeleka wodini. Anasema yeye na huo mwanga hawajazoeana. Nimemshtaki kwa Matroni kwa kuharibu dawa. Matroni amesema atalitazama hilo. Usingizi wa leo utakuwa mtamu.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie pazuri.

Mwenyekiti alifika akiwa katika hali nzuri. Ni mzee mnene mwenye upara na udadisi. Matroni akaweka vikadi, akafunga mlango, akawasha. Akaeleza kidogo. Kisha nikaomba ruhusa ya kusema maneno machache, na kabla ruhusa haijafika nikayasema. Nilitamka urujuanimno bila kujikwaa. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nilimwona Povu akikaza aproni yake.

Ndipo nikaufungua mlango. Swichi niliibana kwa plasta alfajiri, kwa hiyo taa hazikuzimika. Ubuluu ukajaa chumba. Mwenyekiti akasema lo. Akasogea. Akainama. Akaingiza kichwa chote ndani ya kabati, upara ukang'aa buluu, akageuka huku na huku, akauliza kwa sauti ya mwangwi hii harufu ni ya nini.

Sauti iliyomtoka Matroni sijawahi kuisikia, na mimi ni mtu niliyeishi karibu na mama mkwe. Fundi aliruka meza akachomoa waya ukutani. Kisha akatazama mlango, akaikuta plasta kwenye swichi. Akanitazama. Nikaitazama plasta kana kwamba ndiyo kwanza naiona.

Mwenyekiti alipelekwa chumba cha macho akiwa ameshikwa huku na huku. Wakamtia dawa, wakamlaza gizani. Fundi akasema maumivu hayaji papo hapo, yanangoja jioni. Hospitali nzima ikaanza kuingoja jioni ya Mwenyekiti. Vikadi hakuna aliyevikumbuka.

Matroni ameniambia niende nyumbani, nikae, nisiguse kitu. Hakupaza sauti. Nilitamani apaze.

Naandika kweli, kwa kuwa hakuna anayesoma humu: nimeogopa. Si kuku peke yao. Yule mzee ana macho mawili tu, kama mimi, na aliniamini. Mama watoto ameniuliza kama nimepata cheo. Nimesema bado wanajadiliana.

Jumatano, 12 Machi

Nimeitwa. Nilikwenda nimevaa shati nililoolewa nalo. Nilioa, namaanisha. Ndivyo nilivyokuwa nimechanganyikiwa.

Lakini sikiliza. Mwenyekiti ni mzima! Hana mchanga machoni, upara haujaungua, amelala vizuri, na asubuhi amesoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo. Daktari wa macho amemkagua mara mbili, hakuna kitu. Fundi alikuwa amekaa kwenye kona akiwa na huzuni ya mtu ambaye utabiri wake umegoma. Akasema haiwezekani. Mtu aliyeingiza kichwa mle lazima angeumia.

Ndipo Matroni alipokumbuka vikadi. Vilikuwa bado vimo kabatini. Njano. Vyote njano.

Fundi akachukua tochi, akaingiza mkono, akagonga kwa ukucha huko nyuma. Nko, nko. Akakitoa kioo polepole, akakigeuza. Pembeni kulikuwa na karatasi ndogo ya studio: Picha za Harusi na Pasipoti.

Akaeleza, na safari hii nilisikiliza kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Kioo cha kawaida kinauachia ubuluu upite, lakini ule mwanga unaoua kinauzuia karibu wote. Kwa hiyo tangu juzi nimekuwa nikivimulika vifaa vya hospitali kwa taa ya mapambo.

Matroni alikaa. Aliuliza vifaa vilivyotoka kabatini tangu Jumatatu vimekwenda wapi. Vimekwenda wodini. Kwa wagonjwa. Nilimfikiria mama mkwe na mshono wake. Kisha Povu, aliyekuwa mlangoni anadondosha maji sakafuni, akasema yeye alivifuta vyote kwa dawa kabla havijaenda. Kila kimoja. Akaongeza kwamba kuna mtu alimshtaki kwa sababu hiyo.

Matroni alimshukuru. Kisha akanigeukia mimi. Akasema katika miaka yote ya uuguzi hajaona kitu kama hiki. Ningekuwa mpumbavu mara moja tu, mtu angeumia. Lakini nimekuwa mpumbavu mara mbili, na upumbavu mmoja umesimama mbele ya mwingine ukaukinga. Hajui hata aniandikie onyo la namna gani, maana makosa yangu yanalindana.

Nimelitafakari hilo kwa makini. Ukiondoa lugha kali, Matroni amekiri mbele ya mashahidi kwamba kioo changu ndicho kilichomwokoa Mwenyekiti. Nikauliza kama kuna utaratibu wa cheti cha shukrani.

Inaonekana hakuna.

Alhamisi, 13 Machi

Povu ndiye msimamizi. Nilimwona kwenye kiti cha kuzunguka, na aproni yake imelowa. Alizunguka mara moja, akashuka, akakiosha.

Mimi nimepewa likizo. Niliuliza tarehe ya kurudi. Matroni akasema likizo nyingine ni nzuri zaidi zisipokuwa na tarehe.

Kabla ya kuondoka nikaenda kumuaga mama mkwe, ambaye anaruhusiwa kesho. Nilikuwa nimebeba kioo kwapani, sikuwa na pa kukificha. Nikasimama mbali, nikainama. Kabla hajanijibu, mama wa kitanda cha jirani akaniuliza kwa furaha kama mimi ndiye yule mkwe wa taa.

Sikuelewa. Akanieleza. Kumbe tangu wiki iliyopita mama mkwe amekuwa akiitangazia wodi. Kila kifaa kikiletwa, anawaambia wenzake: hiki kimepita kwenye mwanga wa mkwe wangu. Hata baada ya ule mkanda wa chai. Alisema mwanzo huwa mgumu, lakini kijana ana akili, na cheo kinakuja. Gambuti ni za kumtia moto tu.

Mama mkwe alikuwa anatazama dari. Akasema ndiyo, aliwaambia. Na sasa imembidi awaambie kwamba kioo nacho ni chake. Kisha akaniita mwanangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na akaniomba kioo kiwe kimerudi ukutani kabla yeye hajafika nyumbani.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, ile ya kushuka nayo ngazi ukiwa umeshika ukuta. Mtu pekee katika ukoo aliyeniamini ni yule niliyekuwa namkimbia. Nimeubeba uzito huo mpaka chini kabisa, kwenye lango. Hapo nikaanza kuwaza kwamba labda tatizo lilikuwa unene wa kioo.

Nimekirudisha kwenye picha. Mama watoto amesema imefifia tena, bora ilivyokuwa.

Jumapili, 16 Machi

Kwa kuku.

Sina malalamiko. Jogoo wa hapa ni mwingine, ila nadhani waliwasiliana. Gambuti ni nzuri. Mama mkwe amenitumia salamu na soksi.

Kazi yangu ya kwanza ni ya kishamba kupindukia. Kwenye mlango wa kila banda kuna beseni la dawa. Ukiingia, unakanyaga humo kwanza, usiwapelekee kuku magonjwa. Na kabla ya kukanyaga, unasugua matope kwa brashi. Kila asubuhi unamwaga dawa ya jana, unaosha beseni, unatia nyingine. Kuosha! Nimekimbia sinki, nimekuta beseni.

Nimemuuliza shemeji kwa heshima kama amewahi kusikia habari za urujuanimno. Amesema nibadilishe dawa.

Lakini mimi nimeshaona mbali. Hapa hakuna Matroni, hakuna vikadi, na kuku hawana mwenyekiti. Taa moja tu pale kizingitini, inaangaza juu, unapita juu yake na gambuti zako, umetakasika. Hakuna brashi, hakuna beseni. Fundi wa hospitali ana taa kuukuu stoo, na bado anaona haya kwa ule utabiri wake, hatanikatalia.

Shida ni moja, vumbi la mabanda. Taa itachafuka siku hiyo hiyo. Hilo nalo limekwisha kupata ufumbuzi. Sebuleni kwa shemeji kuna picha yake ya harusi, kubwa kuliko yangu, na kioo chake ni kinene zaidi. Jumatano familia nzima inakwenda kumwona mama mkwe. Mimi nimesema nitabaki na kuku.

Uzi ninao.